Ukoko wa Ndoo

Paukwa.

Pakawa.

Sijasikia. Mmeitika kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa sufuria. Sufuria juu ya mafiga, moto chini, mpishi pembeni, na mimi na ninyi tumekaa mbali tunasikia harufu tu. Ndivyo tutakavyokaa mpaka mwisho. Wewe wa nyuma mwenye muhogo, ama utafune ama usikilize, na kama unatafuna basi pitisha kipande huku mbele, maana hadithi hii ni ya chakula na mimi sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Hapo kale wanyama walikuwa na mahali pa kupumzikia. Paliitwa Majimoto, kwa kuwa maji yalitoka ardhini yakiwa moto tayari kwa kuoga. Palikuwa pa Bi Tembo. Mavuno yakishaingia ghalani, wanyama walifunga safari na watoto wao, wakaenda Majimoto kukaa siku kadhaa bila kufanya kazi yoyote. Kulikuwa na bembea. Kulikuwa na mteremko wa tope kutoka juu ya kilima mpaka bwawani: unakaa juu, unajiachia, serereee, chubwi. Kila mgeni alikuja na kikapu kimoja kutoka kwake, mchele au kunde au nazi au viazi vitamu. Kikapu kinakwenda jikoni, mwenyewe anakwenda kuteleza.

Na jikoni alikuwepo Pimbi.

Pimbi mnamjua. Mdogo, mnene, hana mkia, maskani yake mawe. Kila mtu ana chake cha kujivunia, na cha Pimbi kilikuwa mafiga matatu na mwiko. Mafiga aliyateremsha mwenyewe mlimani, moja moja, akiyasukuma kwa kifua. Akipika wali wa nazi, wageni walitoka majini kabla hawajaitwa. Watoto walimwita Shangazi Wali, na yeye akiitwa hivyo alijifanya hakusikia, ili waite tena.

Sasa, Majimoto palikuwa na desturi. Mpishi hula kwanza, mbele ya wageni wote, ndipo wengine wanawe mikono. Pimbi aliibeba sufuria mpaka mkekani, akagonga mwiko ukingoni, ko, ko, ko, akasema:

"Wa kwanza wangu, wa pili wenu."

Akala kijiko kimoja. Akameza. Wageni wakamtazama anavyomeza, wakaona hajafa, wakala. Na sufuria ikirudi jikoni, ukoko uliobaki chini ulikuwa wa mpishi peke yake. Hakuombwa hata kipande. Walisema aliyeungua vidole ndiye mwenye ukoko.

Mambo yakawa hivyo miaka mingi, mpaka msimu aliokuja Nyani.

Nyani alikuwa mkubwa, mgongo wake mpana kama mlango, meno ndiyo usiseme. Alikuja bila kikapu. Siku ya kwanza akamkuta Bi Tembo anafuta macho.

"Kulikoni, Bibi?"

"Moshi wa jikoni, mwanangu. Kila siku unanichonyota."

"Sasa Bibi, kwa nini ufuge moshi nyumbani kwako? Siku hizi watu hawapiki, watu wanaletewa. Nipe kazi hiyo mimi. Chakula kitapikiwa huko mbali, kitakuja ndani ya ndoo, kimefunikwa. Moto hutauona, moshi hutausikia."

"Na Pimbi je?"

"Ataosha vyombo. Vyombo havina moshi."

Bi Tembo akafikiri, akafuta macho, akakubali. Nyani akapewa msimu mmoja wa majaribio. Ukiisha salama, siku ya karamu ya kufunga msimu, jiko litakuwa lake moja kwa moja. Na yale mafiga matatu yatatumbukizwa bwawani yawe ngazi ya watoto kupandia.

Pimbi akasikia hayo akiwa amesimama na mwiko mkononi. Nyani akauchukua ule mwiko, akajikunia mgongo.

Basi Pimbi akawa mwosha vyombo. Beseni lake likawekwa mahali ambapo akiinua macho anamwona Nyani, na akiinamisha macho anamsikia. Nyani amekaa kwenye kigoda kilichokuwa cha Pimbi. Nyani amevaa aproni ya Pimbi, imembana kifuani. Watoto wakipita walisema, "Shikamoo, Mjomba Ndoo," na Nyani akaitikia marahaba kwa sauti nene. Pimbi akawa anasugua sahani moja mara nne huku anangoja mtoto mmoja tu aseme Shangazi Wali. Hakusema hata mmoja.

Wengine watawaambia kwamba Pimbi aliwaonea wageni huruma. Msiwasikilize. Ulikuwa wivu, tena ule usiolala. Alimwonea wivu Nyani kwa kigoda, akamwonea wivu kwa aproni, akamwonea wivu hata kwa kule kujikuna, kwa sababu mwiko ulikuwa wake. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na wivu naujua, maana nina shemeji yangu ana nyumba ya bati.

Haya, Nyani naye alipika? Thubutu. Nyani alikuwa hajawahi kupika hata yai. Vikapu vya wageni vikifika, alivipeleka nyuma ya jiwe, akachagua vilivyo vizuri, njugu, ndizi, viazi vinono, akala. Vilivyobaki akampa Kunguru.

"Wapikie wageni," akamwambia.

"Kwaa, sawa bwana," akasema Kunguru. Akaruka navyo mpaka kwenye viota vya nduguze, wakala. Halafu akazunguka mabondeni kwenye maharusi na matanga ya watu, akaokota makombo. Wali wa juzi, kunde za juma lililopita, viazi vya siku isiyojulikana. Akavitia ndani ya ndoo saba, akavipaka tui kidogo kwa juu, akafunika, paa.

Mchana wageni waliuliza, "Bwana Nyani, chakula?"

"Chakula ki njiani."

Alasiri wakauliza, "Bwana Nyani, chakula?"

"Chakula ki njiani."

Jua likiinama ndipo ndoo zikatua, wageni wakala kwa njaa, na baada ya hapo matumbo yakaanza, guruguru, guruguru. Mteremko wa tope msimu ule uliteleza kuliko miaka yote, na sababu sitaisema mbele ya watu wanaokula muhogo.

Nyumbu akalalamika kwa adabu. "Bwana Nyani, huu wali mbona kama umelala?"

"Umetoka mbali. Hata wewe ulipofika ulilala."

Twiga akalalamika. "Bwana Nyani, chakula kinanichafua tumbo."

"Shingo yako ndefu, dada. Kinaharibikia humo humo njiani."

Wakimwuliza mbona mpishi haonji mbele yao, alijibu kwamba mpishi yuko mbali na ameshaonja huko huko. Wakaenda kwa Bi Tembo. Lakini Nyani hakuwa mjinga kiasi hicho. Sahani ya Bi Tembo hakuitoa ndooni. Kila siku alimpelekea mwenyewe, kwa mikono miwili, ndizi mbivu na viazi vya kuchoma na njugu zilizomenywa. Bi Tembo akatazama sahani yake, akatazama wageni wake, akasema, "Mbona mimi sioni ubaya wake? Na macho yangu yamepona."

Mwisho akaenda Pimbi, mikono bado ina povu.

"Bibi, kile kinacholiwa na wageni ni kiporo. Nyani hapiki."

Bi Tembo akamtazama kwa huruma. "Pimbi mwanangu, huo ni wivu."

Pimbi akarudi kwenye beseni lake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Bi Tembo alisema kweli. Wivu ulikuwa wivu, na kiporo kilikuwa kiporo, na vyote viwili alikuwa navyo yeye, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia. Siku za kufikia karamu zilikuwa zimebaki tatu. Mafiga yake yalikuwa yamekwisha kusogezwa mpaka ukingoni mwa bwawa, yanangoja kusukumwa tu.

Akawa anasugua na kumtazama Nyani. Akisugua, anatazama. Na mwenye wivu, ndugu zangu, akimtazama mwenye wivu mwenzake humtambua haraka. Akaona kwamba Nyani hawezi kupita mbele ya mdomo unaotafuna. Mtoto wa Ngiri akilamba kidole, Nyani atauliza ni cha nini. Mbuzi akicheua, Nyani atasimama kutazama, na anachocheua Mbuzi ni majani. Ana vikapu vyote vya Majimoto nyuma ya jiwe, na bado kinachomnyima raha ni tonge la mwenzake.

Pimbi akaanza kucheka peke yake, kidogo kidogo, ndani ya povu.

Siku hiyo, wageni walipokuwa wanateleza, alichukua konzi moja ya mchele aliyoificha mapangoni na nusu ya nazi. Kuni hakutumia. Alitumia makaa ya vifuu vya nazi, ambayo huwaka taratibu na moshi hayana. Akapika kwenye kisufuria kidogo nyuma ya nyumba ya Bi Tembo, akauacha wali ushike chini mpaka ukawa wa kahawia, akaubandua. Halafu akaenda kuketi katikati ya ndoo chafu, akatafuna. Karr, karr.

Nyani akasimama. "We Pimbi. Unatafuna nini?"

"Si kitu, bwana."

Karr.

Siku ya pili vile vile. Karr, karr.

"Pimbi, unatafuna nini?"

"Ukoko tu, bwana."

"Umeutoa wapi?"

"Mimi kazi yangu si kuosha ndoo? Mwosha vyombo hukuta ya chini." Akamkatia kipande, kidogo kama ukucha.

Nyani akakitia mdomoni. Kilikuwa na chumvi, kilikuwa na nazi, na kule kuungua kidogo kunakofanya ulimi utake tena. Akatoa mkono kuomba kingine, lakini Pimbi alikuwa ameshameza kilichobaki. Nyani akainama akachungulia ndoo moja, akachungulia ya pili, akazichungulia zote saba. Zilikuwa tupu.

"Umekomba," akasema.

"Nimekomba, bwana. Nisamehe."

Usiku ule Nyani hakugusa hata njugu zake. Pimbi alimwona amekaa juu ya jiwe, amekunja uso. Msimu mzima anakula viazi kwa siri kama mwizi, na kumbe utamu wenyewe ulikuwa chini ya ndoo, na anaufaidi mwosha sahani asiye na hata mkia.

Siku ya tatu hakungoja karr ya pili. "Ukoko wa kesho ni wangu."

"Siwezi kukupa, bwana."

"Huwezi?"

"Desturi. Ukoko ni wa mpishi. Mimi naokota tu kwa kuwa mpishi yuko mbali."

"Mpishi ni mimi."

"Mimi najua, bwana. Wageni ndio hawajui. Mpishi ni yule aliyegonga mwiko akala kwanza mbele ya watu. Kesho ni karamu, Bi Tembo yupo, wote wapo. Ukifanya hivyo, nani atakunyima cha chini? Ndoo zitakuwa saba."

"Zote saba?"

"Zote saba, bwana."

Nyani akameza mate.

Siku ya karamu mikeka ikatandikwa mpaka ukingoni mwa bwawa. Bi Tembo akakaa mbele. Kunguru akashusha ndoo ya saba, kwaa, akakaa juu ya mti kupumzika. Pimbi akasimama nyuma kabisa na beseni lake, na mafiga yake matatu aliyaona pale, maji yanayalamba.

Nyani akaja amevaa aproni. Akashika mwiko. Ko, ko, ko.

"Wa kwanza wangu," akasema. "Wenu baadaye."

Bi Tembo akashangaa. "Nyani, kumbe mpishi yuko hapa?"

"Mpishi ni mimi, Bibi. Kila punje humo ni ya mkono wangu. Sikutaka kujisifu tu."

Akafunua ndoo, akala kijiko. Kijiko kikaingia vizuri, kutoka kikawa kizito. Uso wa Nyani ulibadilika mara tatu, machozi yakamlenga, akameza kwa kusukuma. Lakini akaukumbuka ule ukoko. Akatupa mwiko, akatia mkono ndani ya ndoo mpaka kwapani, akapapasa. Akatoa, akatia kwenye ndoo ya pili. Akapapasa.

"Unatafuta nini, mpishi?" akauliza Ngiri.

"Ukoko wangu."

Mtoto wa Ngiri, ambaye hata meno hayajamaliza kuota, akamvuta mama yake.

"Mama, ndoo nayo huwekwa motoni?"

Wakaanza kucheka. Alianza Nyumbu, akafuata Pundamilia, kisha kicheko kikazunguka bwawa zima. Bi Tembo hakucheka.

"Nyani," akasema, "ukoko hutoka wapi?"

"Hutoka chini, Bibi."

"Chini ya nini?"

"Chini ya ndoo."

Nyani haoni kundule. Alidhani wanacheka kwa kuwa hawaamini ukoko upo, basi akaona awaonyeshe. Akazibinua ndoo zote, moja baada ya moja, mkekani, bwaa, bwaa, bwaa. Ukatoka wali wa juzi umeota ndevu. Zikatoka kunde zimechacha, zinatoa povu. Ukatoka unyoya mweusi. Na mwisho kikaanguka kikuba cha asumini, kile cha kuvaa maharusi, kimenyauka lakini uzi wake bado.

Bi Tembo akanyoosha mkonga, akanusa. Mkonga ukajikunja wenyewe ukarudi.

"Hii ni harusi ya nani?" akauliza.

Kunguru akasema kutoka mtini, "Kwaa. Mimi niliambiwa nilete. Nimeleta."

"Nilimpa Kunguru apike," akasema Nyani.

"Hivi punde umesema kila punje ni ya mkono wako."

Nyani alikuwa amenaswa. Angesema yeye ndiye mpishi, kile cha mkekani kilikuwa chake. Angesema siye, alikuwa ametafuta ukoko wa nini? Akasimama tu, mkono mmoja unachuruzika mpaka kwapani.

Bi Tembo akamgeukia Pimbi. "Mwanangu, chukua mafiga yako. Lakini macho yangu je?"

"Siku tatu nimepika nyuma ya nyumba yako, Bibi. Umesikia moshi?"

"Sijausikia."

"Ni makaa ya vifuu. Hayana moshi."

Bi Tembo akauliza: "Na miaka yote hiyo kwa nini hukupikia vifuu?"

Pimbi akajikuna sikio. "Miaka yote hiyo, Bibi, sikuwa na wa kumwonea wivu."

Basi mafiga yakarudi mahali pake. Vikapu vya nyuma ya jiwe vikatolewa, vile ambavyo Nyani alikuwa hajavimaliza, na Pimbi akapika wali wa karamu. Akagonga mwiko, ko, ko, ko, baada ya kuuosha mara saba. Wa kwanza wangu, wa pili wenu. Akameza, wakamtazama, wakala mpaka watoto wakasahau kuteleza. Mmoja akasema, "Shangazi Wali, niongeze." Pimbi akajifanya hakusikia.

Nyani alikuwa kwenye beseni. Bi Tembo alimhukumu kuosha vyombo vyote, na Nyani alivisugua kwa hasira, kwa mchanga na majivu, na ile mikono yake mikubwa.

Kila kitu kilikuwa kimekwisha vizuri. Pimbi alikuwa ameshaubandua ukoko wake, mzima, wa mviringo, anaupeleka mdomoni. Ndipo Twiga akainamisha shingo akainua sahani juani.

"Jamani, sahani hizi," akasema. "Najiona mpaka pembe. Zamani hazikuwa hivi."

"Kweli," wakasema wageni. "Huyu Nyani anajua kuosha."

Ukoko ukasimama njiani. Pimbi akauweka chini. Akaenda taratibu mpaka nyuma ya beseni, akakaa pale, akawa anamtazama Nyani anavyosugua, anazungusha mkono kulia au kushoto, mchanga anatia kiasi gani. Alipokumbuka ukoko, ulikuwa umeliwa na mtoto wa Ngiri.

Mnataka funzo? Funzo ni hili. Wivu ni kitu kibaya sana, haujampa mtu faida yoyote, isipokuwa jiko, mwiko, kigoda na mafiga matatu. Msiwe na wivu. Na ukipewa kazi na mkubwa wako, usijichoshe, mpe Kunguru aifanye, ila tu siku ya karamu usiguse ndoo.

Hadithi yangu imekwisha, sufuria nimeipua. Ikiwa tamu, mpishi ni mimi. Ikiwa imechacha, mimi niliambiwa nilete, nimeleta. Na wewe wa nyuma, ule muhogo umebaki? Nilijua tu.